Bosi wa programu za kukodi: anafanya kazi gani, na anafikaje kwenye kiti hicho

Ukiingia kwenye duka la pembejeo karibu na Soko Kuu la Tabora siku hizi, usishangae kukuta daftari la mauzo limesukumwa pembeni na muuzaji anabonyeza simu ili mteja apate risiti. Programu anayoitumia hakuinunua, na haimo ndani ya simu ile. Inakaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa inayohudumia watu wengi kwa mbali, huenda Dar es Salaam, huenda Afrika Kusini au Ireland, na mwenye duka anailipia kila mwezi. Asipolipa anafungiwa nje, na orodha ya wakulima anaowadai mbolea inabaki ndani.

Biashara hii ya kukodisha programu ina wakubwa wake, na wapo waliogeuka mabilionea kupitia humo. Lakini muulize kijana anayesoma TEHAMA hapa Tabora bosi wa kampuni kama hiyo anashinda akifanya nini. Atakwambia ni mwandika programu hodari aliyepanda mpaka juu. Mzazi wake atasema ni mfanyabiashara kama wengine. Kila mmoja ameshika kipande. Kwa maoni yangu kazi yenyewe ni moja: kuhakikisha aliyelipa mwezi uliopita analipa na mwezi huu. Ukilishika hilo, vyeo vyote vya kampuni hizo vinaeleweka, na unaona pia kwa nini anayepanda si lazima awe yule aliyeongoza darasa kwa kompyuta.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Katika miaka ya 1990 kampuni iliyotaka programu ya hesabu ilinunua leseni, ikanunua seva yake, ikaajiri mafundi wa kuifunga, na sehemu kubwa ya pesa ililipwa mwanzoni. Mkuu wa mauzo akishasaini mkataba mnono alikuwa amemaliza kazi. Programu itumike isitumike, hilo halikumnyima bonasi, na zipo zilizolipiwa mamilioni zikaishia kabatini.

Mwaka 1998 Evan Goldberg, aliyetoka Oracle, kampuni kubwa ya Marekani ya programu za hifadhidata, alianzisha NetLedger, ambayo baadaye iliitwa NetSuite, ili wafanyabiashara waweke hesabu zao kupitia kivinjari cha intaneti. Machi 1999 Marc Benioff, naye wa Oracle, akaanzisha Salesforce, ya kukodisha programu za kufuatilia mauzo na wateja, na wenzake watatu katika nyumba ya kupanga huko San Francisco. Larry Ellison, bosi wao wa zamani pale Oracle, aliweka fedha zake kwenye kampuni zote mbili. Mzee huyo alitega kila upande, na mwaka 2016 Oracle yake iliinunua NetSuite kwa dola bilioni 9.3.

Wakati huohuo zilikuwepo kampuni nyingine zilizokodisha programu kwa mbali, na nyingi zilikufa mwaka 2000 na 2001 mitaji ya intaneti ilipokauka. Ukosefu wa mitaji haukuwa sababu pekee. Kampuni hizo zilimwekea kila mteja seva yake na nakala yake ya programu. Wateja mia moja, seva mia moja, matatizo mia moja ya aina tofauti. Salesforce na NetSuite zilifanya kama mwenye nyumba ya kupanga: jengo moja, paa moja, bomba moja la maji, na kila mpangaji na ufunguo wa chumba chake. Paa likizibwa limezibwa kwa wote. Mteja mpya haongezi seva nzima, anaongeza safu chache kwenye hifadhidata.

Hapo ndipo kazi ya bosi ilipobadilika kabisa, na hapa tukae kidogo, maana wengi hupapita.

Chukua chama cha ushirika cha msingi, AMCOS ya tumbaku huko Urambo. Katibu meneja anaweka kumbukumbu kwenye leja: jina la mkulima, idadi ya mabelo, kilo, daraja lililotolewa na mteuzi, bei kwa dola, kisha makato ya mbolea na pembejeo nyingine alizokopeshwa. Anataka programu imfanyie hiyo hesabu. Mwandika programu wa mjini anaijenga, katibu anafurahi. AMCOS ya Kaliua inaisikia habari hiyo, nayo inaitaka, ila kwao makato yapangwe kwa mtindo mwingine na karatasi ya mkulima iwe na safu mbili za ziada. Kijana ananakili programu, anaibadilisha, anaipeleka. Ya Sikonge nayo inataka tofauti. Baada ya misimu miwili ana nakala kumi na tano zisizofanana. Kiwango cha ubadilishaji wa dola kikihitaji kuwekwa kwa namna mpya, anarekebisha mara kumi na tano, na kwenye ya tisa anasahau kitu. Simu inaita saa mbili usiku: "Kaka, shikamoo kwanza, lakini makato ya watu yamekuja mara mbili."

Kijana huyo anafanya kazi halali na pengine analipwa vizuri. Lakini yeye ni mjenzi wa mifumo ya kuagizwa, na kampuni nyingi za programu nchini kwetu huishi kwa kazi hiyo. Anayekodisha programu hana budi kumwambia katibu wa Kaliua hapana, kwa adabu, halafu ajiulize ni kitu gani kilicho nyuma ya ombi la Kaliua na la Sikonge kinachoweza kuwafaa wote. Huenda ikawa sehemu moja ya mipangilio ambapo kila chama kinachagua safu zake. Mwenye kazi hii ya kuchagua nini kijengwe na nini kiachwe anaitwa meneja wa bidhaa, na kwa jinsi ninavyoona, ndicho cheo kinachofundisha uongozi kuliko vyote katika biashara hii. Kukataa pesa ya mteja aliyesimama mbele yako si jambo jepesi, hasa mwisho wa mwezi.

Tuje kwenye hesabu. Tuseme programu inakodishwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kumpata mteja mmoja, ukijumlisha nauli ya wakala, posho yake, vocha, na siku mbili za kumfundisha muuzaji wa duka, kunagharimu shilingi 150,000. Kila mwezi seva, ujumbe mfupi na mtu wa kupokea simu vinakula 5,000 kwa kila mteja. Kinachobaki ni 15,000. Maana yake mteja anaanza kukulipa faida baada ya miezi kumi. Akihama mwezi wa sita, umepoteza 60,000 juu yake, hata kama alikuwa anakusifia kila ukipita.

Halafu kuna jambo linaloshangaza wahasibu wengi: kadiri unavyokua haraka ndivyo mfuko unavyokauka. Ukipata wateja 100 kwa mwezi mmoja umetoa milioni 15 kwa mkupuo, na kinachorudi ni milioni moja na nusu kwa mwezi. Ndiyo maana kampuni hizi hutafuta wawekezaji hata zinapouza sana, na ndiyo maana zinaweza kufa zikiwa na wateja wengi.

Mfano mzuri wa shimo hilo ni Adobe, wenye Photoshop, programu ya kuhariri picha. Mkuu wao, Shantanu Narayen, mhandisi mzaliwa wa Hyderabad, India, aliyejiunga na kampuni hiyo mwaka 1998 na kuwa mtendaji mkuu mwishoni mwa 2007, aliamua kuachana na mauzo ya programu kwa leseni ya kudumu. Mei 2013 kampuni ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa ada tu. Mapato ya mwaka yakashuka kutoka dola bilioni 4.4 mwaka 2012 hadi takriban bilioni 4.06, na faida ikaanguka kutoka kama dola milioni 833 hadi milioni 290. Wateja walilalamika, na wana haki yao: aliyezoea kununua mara moja akatumia miaka sita hakupenda kusikia habari za kila mwezi. Narayen alikaa palepale. Mwaka 2023 mapato yalikuwa zaidi ya dola bilioni 19. Ukimtazama mwaka 2013 peke yake ungesema ameharibu kampuni. Kuwaeleza wenye hisa kwa utulivu kwa nini namba zinashuka kwa makusudi ni sehemu ya ajira yake, na mhandisi asiyejua kusoma taarifa ya fedha asingeweza kuifanya.

Sasa wanaohama. Asilimia tatu ya wateja kuondoka kila mwezi inasikika kama kitu kidogo. Lakini kati ya wateja 100 ulioanza nao Januari, mwisho wa mwaka wamebaki 69. Ukiishusha ikawa asilimia moja, wanabaki 89. Inasimuliwa sana katika tasnia hii kwamba Salesforce yenyewe, mwaka 2005, ikiwa tayari kwenye soko la hisa la New York tangu Juni 2004, iligundua kwamba wateja wanatoka kwa kiasi cha asilimia nane kwa mwezi. Fanya hesabu: kati ya 100, wanabaki 37. Timu ya mauzo ilikuwa inakimbia kujaza pengo. Kampuni ikajenga idara ya watu ambao kazi yao si kuuza wala kutengeneza, ila kumfuatilia mteja: anaingia kwenye mfumo mara ngapi, wafanyakazi wake wangapi wameacha kuutumia, amekwama wapi. Leo karibu kila kampuni kubwa ya programu za kukodi ina idara hiyo, na mkuu wake anakaa meza moja na mkuu wa mauzo na mkuu wa teknolojia.

Kwa hiyo ukitazama historia za waliofika juu, unakuta wametokea milango tofauti. Benioff ni mtu wa mauzo na masoko, ingawa aliandika programu za michezo ya kompyuta akiwa kijana. Alikaa Oracle miaka 13 kabla ya kuondoka. Zach Nelson, aliyeiongoza NetSuite kuanzia 2002 hadi ilipouzwa, alitokea kwenye masoko. Andy Jassy aliingia Amazon mwaka 1997 akitoka kusomea biashara Harvard, akafanya kazi kwa karibu na mwanzilishi wake, Jeff Bezos, kama msaidizi, kisha akaanzisha kitengo cha kukodisha seva kilichofungua milango mwaka 2006. Mwaka 2021 alikabidhiwa Amazon nzima. Hakuwa mhandisi. Satya Nadella yeye ni mhandisi, aliingia Microsoft mwaka 1992, na alipofanywa mtendaji mkuu Februari 2014 alikuwa ndiye anayesimamia upande wa seva na wingu, yaani huduma za kompyuta zinazokodishwa kupitia intaneti. Wanachofanana ni kwamba kila mmoja alishika kwa miaka mingi kitu kimoja ambacho wateja walikuwa wakikilipia, akaona kwa macho yake wanapokiacha na wanapoking'ang'ania.

Mtu wa Tabora atauliza: na sisi tulio mbali na hayo majiji? Hapo huletwa jina la Sridhar Vembu. Ni Mhindi wa Tamil Nadu, mwenye shahada ya uzamivu kutoka Princeton, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya AdventNet ya mwaka 1996, ambayo tangu 2009 inaitwa Zoho. Kampuni haikuchukua fedha za wawekezaji wa nje. Tangu 2005 ina shule yake inayochukua vijana waliomaliza sekondari, ikawafundisha kazi na kuwaajiri bila kudai shahada. Mwaka 2019 Vembu alihamia kijiji cha wilaya ya Tenkasi na kuendesha kampuni akiwa huko, mpaka Januari 2025 alipoachia utendaji mkuu na kubaki mwanasayansi mkuu.

Habari hiyo inatia moyo, lakini isomwe yote. Vembu alihamia kijijini akiwa na wateja wa nchi nyingi tayari, baada ya kuishi California kwa miaka mingi. Kijiji hakikumpa wateja. Shule ile ndiyo ninayoiona ya kuigwa kwanza, kuliko yeye kuhama. Mkoa wenye shule za Tabora Boys, Tabora Girls na Milambo haukosi vijana wa kufundishika.

Na mazingira ya hapa yana masomo yasiyopatikana San Francisco. La kwanza ni namna ya kulipa. Mmarekani anaweka kadi ya benki mara moja, kisha inakatwa yenyewe kila mwezi, mara nyingine hata amesahau kwamba anailipia. Mwenye duka wa Isevya analipa kwa simu. Kila mwezi ombi linamfikia, anatazama salio, anaamua kuweka namba ya siri au kutoweka. Kila mwezi anaamua upya kama anabaki. Bosi anayeleta hapa hesabu za ng'ambo bila kuliona hilo atashangaa kwa nini wateja wanapotea bila hata kugombana naye. Wengine hawajahama kabisa. Wamekaa wiki tatu bila kulipa kwa sababu biashara ilikuwa mbaya, kisha wakaona aibu kurudi.

La pili ni msimu. Pesa ya Tabora haiji kwa mwezi. Inakuja masoko ya tumbaku yanapofunguliwa baada ya masika, na wakulima wakishalipwa ndipo madeni ya madukani yanapofutwa, mabati yananunuliwa na ada za shule zinalipwa. Desemba na Januari mkulima yuko shambani na mfuko mtupu, na mwenye duka anamkopesha. Kumdai mtu huyo shilingi 20,000 kila tarehe moja ya mwezi ni kumfukuza. Ada ya mwaka mzima inayolipwa wakati wa masoko, yenye punguzo kidogo, inamfaa zaidi, na inaifaa kampuni pia kwa sababu pesa inaingia mbele na kuziba lile shimo la miezi kumi. Salesforce nayo, ilipobanwa na ukata mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliacha kutegemea malipo ya mwezi mmoja mmoja ikaanza kuwasainisha wateja mikataba ya mwaka inayolipwa kabla.

Kuna pia suala la kukatika. Mikataba mingi ya wingu huahidi kuwa hewani kwa asilimia 99.9 ya muda. Ukiigeuza hiyo kuwa saa, mfumo unaruhusiwa kuzimika dakika 43 hivi kwa mwezi, au karibu saa tisa kwa mwaka. Salesforce ilizimika kwa saa kadhaa Desemba 2005 wateja wakiwa kazini, ikalaumiwa sana, na mwaka uliofuata ikafungua ukurasa wa wazi unaoonyesha hali ya mifumo yake. Hapa kwetu, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusuasua. Mwenye duka wa Tabora hajui EASSy ni nini. Anachojua ni kwamba risiti haitoki na foleni imesimama. Programu inayoweza kuandika mauzo kwenye simu na kuyapeleka kwenye seva mtandao ukirudi ni uamuzi wa kiuongozi, kwa sababu unaongeza gharama na miezi ya kazi, na lazima mtu mwenye mamlaka aseme tufanye hilo badala ya lile.

Sheria nayo imeingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na anayekusanya majina, namba za simu na madeni ya watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume inayoisimamia. Kwa mwenye programu inayohifadhi madeni ya maelfu ya wakulima, hilo ni jambo la kulala nalo macho.

Swali la ajira linabaki. Wengi hapa watapata kazi serikalini, kwenye mifumo ambayo kwa kweli ndiyo programu kubwa zaidi zinazotumiwa kwa mbali nchini: GePG, mfumo wa malipo ya serikali ulioleta kontrol namba tangu 2017, GoTHOMIS kwenye hospitali, MUVU ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika ambayo makatibu wa AMCOS wanaijua vizuri. Afisa TEHAMA wa halmashauri anayepanda kutoka daraja la pili hadi mwandamizi anajifunza mengi: usalama, kufundisha watumiaji, kushughulika na mfumo mmoja unaotumiwa na maelfu. Kitu kimoja hajifunzi. Katibu wa AMCOS hana pa kuhamia. Mtumiaji akichukizwa na mfumo anabaki, kwa hiyo hakuna anayehesabu waliochukizwa. Anayetoka huko kwenda kampuni binafsi inabidi akae chini ajifunze hilo.

Kwenye kampuni binafsi, ngazi ya chini ambayo kijana wa Tabora anaweza kuishika ni kupokea simu za wateja au kuzunguka madukani kufunga mfumo na kufundisha. Wengi huidharau, wakisubiri nafasi ya kuandika programu. Mimi ningeichukua. Ndiko unakosikia, kabla ya bosi kusikia, kwamba dada wa dukani amerudi kwenye daftari kwa sababu kuandika jina la mkulima kunachukua mibonyezo saba. Anayeandika malalamiko hayo kwa mwezi mzima, akayapanga kwa idadi, akaonyesha ni wangapi kati ya waliolalamikia jambo hilo hawakulipa mwezi uliofuata, ana karatasi ambayo meneja wa bidhaa yeyote ataiomba. Na akiitwa kwenye usaili wa cheo cha juu, akaulizwa amewahi kuuza kiasi gani, ajibu pia swali ambalo pengine hajaulizwa: kati ya wateja aliowahudumia Januari, Desemba walibaki wangapi.